Fremu Iliyoikataa Injini Yangu

Mliniacha Jumapili iliyopita nimekaa juu ya gunia la mchele nje ya banda la fundi Lusungu, hapa Tunduma, namshukuru Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka. Fremu mpya ya pikipiki yangu ilikuwa imeshushwa kwenye lori, ingali imeviringishwa karatasi za kiwandani. Leo nazitaka shukrani zile zirudi, maana nilizitoa kabla sijaona kilichokuwa ndani ya karatasi.

Kwa wewe unayekutana nami leo, naitwa Kabula. Mimi ni Msukuma niliyezaliwa njiani nyuma ya ng'ombe, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kike, Shani, ambaye yuko darasa la saba. Tunaishi bondeni, karibu na Chitete. Mume wangu alipofariki ukoo ulikaa kikao, na shemeji yangu Ngassa, kaka mkubwa wa marehemu, akatoa neno: nikiweza kujilisha na kumsomesha mtoto mpaka mpunga uvunwe, nikae naye. Nikishindwa, Shani ahamie bomani kwa baba yake mkubwa. Maana ya kuhamia bomani naijua. Binti wa umri ule hamalizi msimu kwenye boma la Ngassa kabla hajaja mtu na fimbo yake kuulizia.

Ndiyo maana niliuza ng'ombe niliopewa na mama yangu, nikanunua pikipiki mpya dukani kwa Nathanaeli. Chitete ndiyo kwanza ilikuwa inafanywa makao ya wilaya, watumishi wanakuja na mabegi yao na hakuna wa kuwabeba. Dereva akawa Eliudi, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlea mgongoni. Tukala, tukashiba, Shani akapata viatu. Kisha siku moja Eliudi akarudi kwa miguu, anachechemea, akasema fremu imekatika shingoni. Akaifungua mwenyewe, fremu akasema anaipeleka dukani, vipande vingine akavishusha kwa fundi. Tangu hapo viko huko, na mimi nasubiri fremu ya waranti huku mpunga unaanza kuinamisha vichwa.

Basi, tuendelee.

"Bamayo," aliniita Lusungu. Amezoea wateja wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, kiasi kwamba kila mwanamke kwake ni bamayo. "Hebu njoo uone maajabu."

Injini yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba. Chini yake fremu mpya imesimama, inang'aa vizuri sana. Lusungu akaishusha injini taratibu, akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia, kisha akaniachia niangalie mwenyewe.

Matundu ya injini yalikuwa huku. Matundu ya fremu yalikuwa kule.

"Labda hujaisukuma vizuri."

"Nimeisukuma tangu asubuhi. Tazama na hili." Akachukua tenki la mafuta, akaliweka mahali pake. Likakaa kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

"Si utoboe matundu mengine?"

"Nikitoboa, bamayo, utapata pikipiki ya kukuulia mtoto wa mtu. Hii ni fremu ya pikipiki nyingine kabisa. Ni ya ile ndogo ya zamani."

Hasira ilinipanda. Wiki zote zile, mtoto anakula uji asubuhi na uji jioni, halafu kiwanda kinaniletea nguo ya mtu mwingine!

"Shika mbele," nikamwambia Lusungu. "Twende dukani."

Tukaibeba hivyo hivyo, yeye mbele mimi nyuma, tukapita nayo katikati ya watu kama tumebeba jeneza. Mama mmoja muuza ndizi akatuuliza tunazika wapi. Tukampita.

Nathanaeli alikuwa nyuma ya kaunta anakula karanga za kuchemsha. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya mchungaji, na ukimwendea na hasira anazidi kuwa mpole mpaka unajiona mshenzi.

"Karibu mama. Pole na safari."

"Sitaki pole. Nataka fremu yangu."

"Si hiyo mmeibeba?"

"Hii imeikataa injini!"

Akaja akaizunguka, akaigonga kwa kidole. "Mama, kiwanda hakikosei. Mlidai fremu hii, imekuja fremu hii."

"Mimi nilidai fremu ya pikipiki niliyoinunua hapa hapa kwako!"

"Ile iliyovunjika, mliyotuletea, ndiyo tuliyoipima na kuipiga picha tukawatumia. Wao wanaleta inayofanana nayo. Ipo uani mpaka leo, kama huamini."

"Nionyeshe."

Akatupitisha katikati ya matairi mpaka uani. Pale ukutani, chini ya mabati, kulikuwa na fremu imelala ubavu. Ilikuwa imekatika shingoni kweli, lakini kutu yake ilikuwa ya miaka, siyo ya miezi. Nikapiga magoti nikapapasa chini ya mahali pa kiti. Hakuna kitu. Nikageuza upande wa pili. Hakuna kitu.

"Hii si yangu," nikasema.

"Mama, vyuma vinafanana."

"Yangu ina chapa."

"Chapa gani tena?"

Hapa inabidi niwaeleze ninyi mnaonisoma mjini, msinicheke. Kwetu, mali inayotembea haiachwi bila alama. Ng'ombe akinunuliwa leo, leo hii anapigwa chapa ya nyumba, ili hata akipotelea kwenye kundi la watu elfu ajulikane. Mimi niliuza ng'ombe wenye chapa ya baba yangu. Pikipiki ilipofika nyumbani nikawasha moto, nikakichoma kile chuma cha baba mpaka kikawa chekundu, nikaikandamiza chapa chini ya kiti. Rangi ikachemka, ikanuka, alama ikabaki. Shani akapiga makofi. Eliudi ndiye aliyenishikia pikipiki isiyumbe.

Nilipomweleza Nathanaeli, karanga zilimkwama.

"Umeipiga moto fremu yenye waranti? Mama! Si niliwaambia siku ile, fremu ikichomwa moto, ikichomelewa, waranti imekufa? Ungeniletea ile yenye chapa nisingekupa hata nati."

"Najua! Ndiyo maana mimi sikuja! Ndiyo maana nilimtuma Eliudi peke..."

 Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenirudia masikioni.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Siku aliyoleta habari ya kukatika, Eliudi aliniambia kwa huruma kabisa, "Dada, wakiiona ile chapa tumekwisha. Usikanyage dukani, usipige hata simu. Utajichongea kwa mdomo wako. Niachie mimi, nitajua namna ya kuificha." Nami nikamwachia. Nikampa na kadi ya pikipiki. Kila alipokwenda Tunduma nilimfungia viazi vya njiani, nikawa nawaambia majirani kwamba ndugu kama huyu hazaliwi mara mbili. Nilidhani ananifichia aibu.

"Nathanaeli," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka. "Aliyeileta fremu hii ni nani?"

"Kaka yako."

"Mdogo wangu."

"Huyo huyo. Pale penye namba palikuwa pamesagika. Akasema ilikuwa imeburutwa barabarani. Ana kadi, anakutaja jina, analia machozi. Nikamwamini, mama."

"Na mimi nilimwamini," nikasema. Lusungu akaangalia pembeni.

Swali likabaki moja. Kama fremu hii ya kutu aliiokota kwenye vyuma chakavu, fremu yangu iko wapi?

Jibu liliingia lenyewe kwa mlango wa mbele, linanguruma.

Ilikuwa pikipiki imefungwa mzigo mpaka dereva haonekani mgongo: mablanketi mapya, vitenge, sufuria, majembe mawili yasiyo na mipini. Dereva akashuka, kijana mwenye adabu, akatusalimia wote.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Nimeleta pikipiki kwa ile sevisi ya bure. Nimeambiwa bado ina haki ya kufanyiwa mara moja."

Nathanaeli akatazama namba ya nyuma. Akanitazama mimi. Akatazama tena namba.

Mimi sikuhitaji namba. Nilikwenda moja kwa moja nikalala chini sakafuni, na gauni langu zima, nikachungulia chini ya kiti. Chapa ya baba yangu ikanitazama.

Sijui nilipiga ukelele gani. Nakumbuka neno moja tu, "Mwizi!", na kwamba duka lilijaa kabla sijainuka. Tunduma haina subira na neno lile. Kijana alikuwa ameshakamatwa kola, mmoja ameshaokota tofali, mwingine anaulizia mafuta ya taa. Yule dereva hakukimbia wala hakujitetea. Alikuwa anasema tu, "Mimi nimetumwa, mimi nimetumwa."

Nilimkumbatia. Msinishangae. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili ili wasipate pa kupiga, nikapiga kelele, "Asiguswe! Nataka aseme!"

Nathanaeli ndiye aliyeita askari. Wakaja wawili, wakamtoa kijana na pikipiki na mimi, tukaongozana mpaka kituoni. Njia nzima nilikuwa natembea kichwa juu. Nilijiona nimeshinda. Nimeipata fremu yangu, nimempata na mwizi, jioni hii nitarudi Chitete nikiwa na Lusungu na injini yangu, na Ngassa atafute mtoto mwingine wa kumwinda.

Kaunta ya kituo ilikuwa na askari mwanamke, makamo yangu, uso wake hauna mchezo.

"Pikipiki ni ya nani?"

"Yangu, afande. Mimi Kabula. Ina chapa ya baba yangu chini ya kiti. Nathanaeli wa dukani ndiye aliyeniuzia, ni shahidi."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyomjua mtoto wangu."

Akanyoosha mkono, dereva akampa ufunguo, ukaingia kwenye droo. Nje wakaipitishia mnyororo kwenye gurudumu.

"Chombo kinalala hapa. Kijana analala hapa. Mpelelezi amekwenda Vwawa, atakuja kesho asikilize. Kaeni hapo."

Tukakaa benchi moja, mimi na mwizi wangu. Nikamwuliza jina.

"Boazi, mama."

"Nani kakutuma, Boazi?"

"Tajiri wangu. Mimi ni dereva tu, sina hata mwezi kwake. Alinunua pikipiki ng'ambo, Nakonde, ikavushwa bila karatasi. Kuitembeza huku ni kukamatwa. Wakampatia fremu yenye namba na kadi yake, wakahamishia injini humo. Mimi nimeikuta hivyo hivyo, naapa."

"Tajiri wako nani?"

"Mzee Ngassa."

Benchi lilinihama. Shemeji yangu! Na hapo nikaelewa hata ile sevisi. Ngassa ni mtu ambaye hata chumvi ya bure ataifuata mbali. Kasikia pikipiki ina haki ya kumwagiwa oili bure, asingeweza kuiacha ipite, hata kama ni pikipiki ya wizi.

"Na fremu alipewa na nani?"

"Na shemeji yake mmoja hivi, Eliudi. Mtu mzuri sana yule, mcheshi." Boazi alikuwa ameanza kupata pumzi, na mtu aliyeponea tofali huwa anaongea. "Hata huu mzigo, nusu ni wa harusi yake."

"Harusi ya Eliudi?"

"Ndiyo, mama. Mzee Ngassa amemtolea ng'ombe wa mahari."

Nilicheka. Kweli, kicheko kilinitoka, kibaya. "Ngassa? Ngassa ninayemjua mimi amtolee ng'ombe mtu asiye wa ukoo wake?"

Sasa wasomaji wangu, nisikilizeni. Kwetu kijana hatoi ng'ombe wa mahari mfukoni. Anaoa kwa ng'ombe walioletwa na msichana wa nyumba yao alipoolewa. Mimi nilipoolewa, ng'ombe wangu ndio walikuwa wa kumwoza Eliudi, lakini waliugua, wakatuishia njiani wakati tunahamia bonde hili. Alikuwa akinikumbusha kila mwaka. "Dada, wewe una nyumba. Mimi nitaoa kwa nini?" Nilikuwa namtania kwamba pikipiki ndiyo itamwoza. Alikuwa hacheki, nami sikuona kwamba hacheki.

Kwa hiyo nilipoambiwa Eliudi ana ng'ombe, damu yangu ilijua kabla ya akili. Kama ng'ombe wameingia, basi kuna msichana ametoka.

"Boazi. Ng'ombe hao wametoka wapi?"

"Si kwa wakwe? Kuna binti wa ukoo wao anaolewa. Ng'ombe walioletwa, mzee kabaki na kundi kubwa, mjomba wa binti kapewa wake kwa kuwa ndiye aliyesimama badala ya mama."

"Badala ya mama?"

"Mama wa binti ni mjane, wanasema. Pikipiki yake ilikufa, hana tena cha kumlisha mtoto, akamtuma mdogo wake aseme kwamba amekubali." Akaniangalia usoni, sauti ikaanza kupotea. "Mama... mbona unanitazama hivyo?"

"Binti anaitwa nani?"

 Alikuwa ameshaelewa, maskini. Nilikuwa nimelitaja jina langu pale kaunta mbele yake, na jina la mama wa yule binti lilitajwa kwenye kikao cha mahari.

Nikampigia simu jirani yangu Tusekile. 

"Tusekile, Shani yuko shule?"

"Shule gani tena? Kwani si umemwita? Mjomba wake amekuja kumchukua asubuhi ulipoondoka tu. Anasema pikipiki imepona, mnakwenda kupiga picha Tunduma wote watatu. Hongera jamani!"

"Amekwenda naye?"

"Amevaa lile gauni lake la sikukuu. Nimemsuka mwenyewe, haraka haraka. Alikuwa na furaha, ungemwona!"

Sikukata simu. Niliiacha tu ikae mapajani, Tusekile akiita alo, alo.

Wizi wa fremu ningeusamehe. Naapa mbele yenu, ningeusamehe, ni chuma. Lakini mtoto yule alikuwa anamkimbilia mjomba wake kuliko anavyonikimbilia mimi. Akimwona anaangusha ndoo. Mjomba amemchukua kwa furaha hiyo hiyo. Eliudi! Niliyekuwa namtafunia karanga nikamtia kinywani, kabla hajaota meno!

Nikaenda kaunta. "Afande, mwanangu anaozwa leo. Yuko darasa la saba. Nipeni askari twende."

Uso wake ukabadilika kidogo. "Wapi?"

Nikamgeukia Boazi. "Wapi?"

"Bondeni. Siyo bomani kwa zamani, wamehamisha ng'ombe. Hakuna kijiji pale, hakuna barabara, ni njia ya kufuata mifugo. Siwezi kuieleza, mama. Mimi mwenyewe nilipelekwa."

"Bonde la huko si letu," askari akasema. "Anza na mtendaji wa huko. Mpigie."

"Mtendaji amealikwa kula," Boazi akasema, macho chini. "Wanasubiri huu mzigo. Bila mablanketi ya wazee binti hakabidhiwi."

Nikashika kaunta. "Basi afande, mpeni huyu ufunguo anipeleke. Kesho nitawaletea pikipiki, nitawaletea na mwizi mwenyewe."

"Mama, umetoa taarifa ya wizi. Mtuhumiwa ni huyu, kidhibiti ni ile. Nimtoe kwa sheria gani? Mpaka mpelelezi aje."

"Kesho mtoto wangu atakuwa mke wa mtu!"

"Nimekusikia. Nitapiga simu kwa wenzetu wa upande ule. Lakini chombo chenye kesi hakitoki."

Akashika simu kweli. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikamwona anajaribu namba nyingine. Nje jua lilikuwa linaanza kugeukia upande wa Zambia. Gari la Chitete huondoka asubuhi tu. Bodaboda wapo wengi kama nzi pale Tunduma, lakini wa kuijua njia ile ya ng'ombe alikuwa mmoja, naye nilikuwa nimemfunga kwa mdomo wangu.

Nikarudi kwenye benchi, nikamnong'oneza. "Boazi, una dada?"

"Ninaye."

"Ukitoka hapa utanipeleka?"

"Nitakupeleka, mama. Haki ya Mungu."

Basi nikafanya nililofanya. Nikasimama, nikaenda kaunta, nikainyoosha shingo.

"Afande. Nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Pikipiki. Si yangu. Nimeifananisha. Chapa kama ile wanayo wengi, Wasukuma ni wengi. Huyu kijana hana kosa. Mpeni chombo chake."

 Alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani alijua. Lakini nyuma yake alikuwa ametoka mkubwa wake, mwanamume mwenye nyota mabegani, anasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Rudia," yule mkubwa akasema. "Ni yako au si yako?"

"Si yangu."

"Una kadi?"

"Sina."

"Kijana, una kadi?"

Boazi akaitoa mfukoni. Ngassa hakuwa mjinga, alikuwa amempa aje nayo kwa ajili ya sevisi. Mkubwa hakuisoma hata jina, akaigonga gonga mezani.

"Mpe ufunguo wake, aende."

Moyo wangu uliruka. Ufunguo ukatoka kwenye droo, mnyororo ukafunguliwa. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kumfuata Boazi.

"Wewe mama unakwenda wapi?"

"Naondoka naye, afande. Tumeshaelewana."

"Umemwita mtu mwizi katikati ya mji. Nusura wamchome moto. Sasa unaniambia si kweli. Unajua tumezika wangapi hapa kwa neno hilo?" Hakupandisha sauti. "Kaa chini. Wewe ndiye utakayemsubiri mpelelezi."

"Afande, mwanangu..."

"Kaa chini, mama."

Yule askari mwanamke alifungua mdomo, mkubwa akamwangalia, akaufunga.

Nikakimbilia dirishani. Boazi alikuwa ameshapanda, anakaza kamba za mablanketi. "Boazi!" nikaita kupitia vyuma. "Nenda wewe! Mwambie Shani mama yake hajakubali! Mwambie Ngassa nimeyajua yote! Au usipeleke mzigo, utupe njiani, Boazi, utupe!"

Aliniangalia. Aliniangalia vizuri, kama mtu anayetaka kusema ndiyo.

Simu yake ikaita. Akaitoa, akaona jina, akaisogeza sikioni na kunigeuzia mgongo.

"Shikamoo mzee," nikamsikia akisema. "Hapana, hakuna tatizo lolote. Foleni tu ilikuwa ndefu dukani. Mzigo ninao wote. Nakuja."

Akapiga kiki mara moja tu, pikipiki ikawaka, akaondoka na mablanketi ya harusi ya mwanangu. Mimi nikabaki nimeshika vyuma vya dirisha, naita jina lake mpaka askari akaja kunishika bega.